Safari haikuzimwa, ilisogezwa: jibu kuhusu “put off”

Swali limetoka kwa dada anayefanya biashara ya dagaa Kibirizi, Kigoma. Ameandika hivi:

“Shikamoo mwalimu. Nina mteja wangu yuko Mpulungu, Zambia. Tunaandikiana kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Mwezi uliopita nilikuwa nimemwandalia magunia manane ya dagaa wakavu, akanitumia ujumbe: ‘Trip put off till Thursday. Will call.’ Shuleni tulifundishwa ‘put off the light’ ni zima taa, basi nikajua safari imezimwa, na Alhamisi atanipigia kunieleza kilichotokea. Jumanne akapita mnunuzi mwingine, nikamuuzia mzigo wote kwa bei ya kutupa maana mawingu yalikuwa yameshatanda. Alhamisi mteja wangu akapiga: yuko gatini anapanda boti, anauliza kama magunia yake yako tayari. Nilikosa la kusema. Naomba unieleze hili neno maana yake hasa ni nini, na kwa nini lina maana nyingi. Na siku nikitaka kuahirisha mimi, nimwandikieje?”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa ile simu ya Alhamisi, maana mteja uliyemjenga kwa miezi anaweza kukuponyoka kwa neno moja. Nianze na jibu lenyewe, ndipo tuingie ndani. Mteja wako alikuambia: safari imeahirishwa mpaka Alhamisi, nitakupigia. Safari haikufa. Ilitolewa siku yake ya kwanza ikapelekwa Alhamisi, na kwa hesabu zake yeye, yale magunia manane yalikuwa bado ni yake.

Wala hukukosea kwa uzembe. Ulifuata ulichofundishwa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nimefundisha Kiingereza katika sekondari za Tabora kwa miaka 24 na ile sentensi ya “put off the light” niliiandika ubaoni mwenyewe nilipoanza kazi. Tumeirithi mwalimu kwa mwalimu. Sehemu nyingi za Afrika watu husema hivyo na wanaelewana vizuri, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ukiisema Kigoma mjini hutaeleweka. Lakini katika Kiingereza kinachoandikwa vitabuni leo, anayezima taa kwa swichi husema “turn off” au “switch off”, na anayezima mshumaa au moto husema “put out”. Tukishaifundisha “put off” kuwa ni kuzima, tunamwachia mwanafunzi maana moja ya pembeni, halafu maana kuu anakutana nayo ukubwani, kwenye biashara, pasipo mtu wa kumuuliza.

Tazama “off” unavyokutana nayo kila siku. Iko kwenye swichi ya jenereta. Iko kwenye mazungumzo yetu: simu yake iko ofu, leo niko ofu. Kote huko kuna kitu kimesimama, hakifanyi kazi. Na Kiingereza chenyewe kimezidisha mtego, kwa sababu kina “the trip is off”, ambayo kweli ni safari imevunjika, haipo tena. “The wedding is off”, harusi imevunjika. Ulikuwa umbali wa neno moja tu, mwanangu. Angekuandikia “trip is off”, ungekuwa umeelewa sawasawa, na kuuza mzigo kabla ya mvua kungekuwa uamuzi wa mtu mwenye akili. Aliandika “put off”, na hilo “put” ndilo lililobadilisha kila kitu.

“Put” ni weka. Anayeweka kitu hajakiua, amekipa mahali pengine. “Off” nayo kwa asili ni kutoka, kuwa mbali na. Zamani “of” na “off” zilikuwa neno moja katika Kiingereza, zikatengana baadaye. Ukiziunga unapata: weka mbali na. Mbali na nini? Na siku iliyokuwa imepangwa.

Shuka ufukweni hapo kwenu jioni ya giza, wakati mitumbwi ya dagaa inaondoka. Picha hii unaijua kuliko mimi. Taa zimeshafungwa, wavu umekunjwa, vijana wameegemeza mabega ubavuni mwa mtumbwi na mmoja anasukuma kwa upondo. Mchanga unakwaruza chini ya mbao, halafu ghafla mkwaruzo unakatika, chombo kinakuwa chepesi, na wa mwisho anarukia ndani suruali ikiwa imelowa mpaka magotini. Wakati huo hasa, mtumbwi unapoachana na mchanga, Waingereza wa baharini wana neno lake: “the boat put off from the shore”. Ni “put off” hiyo hiyo. Hakuna anayeuona mtumbwi ukisukumwa hivyo akapiga mayowe kwamba umezama. Umeachana na ufuko huu, utafika mwingine. Ichukue siku iliyopangwa kuwa ndiyo mchanga wa Kibirizi, na Alhamisi kuwa ufuko wa pili. Safari ilisukumwa kutoka huku kwenda kule.

Na ufuko wa pili alikutajia. Yale maneno “till Thursday” ndiyo yaliyobeba mzigo wa ujumbe wote. Ukiona “put off” imefuatwa na “till” au “until” na siku, siku hiyo ndiyo tarehe mpya ya jambo lenyewe. Wewe uliiunganisha Alhamisi na “will call” iliyofuata, kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kupigiwa, lakini kati yao kulikuwa na nukta. Kwenye ujumbe wa simu nukta ni kitu kidogo sana, jicho linaipita. Hapa ilikuwa ukuta: upande huu safari na siku yake, upande ule ahadi ya kupiga simu ambayo haikupewa siku.

Maneno mengine madogo yanabadilisha hesabu. “Put off for a week” na “put off by a week” zote ni kusogezwa kwa wiki moja, hapo unahesabu mwenyewe kutoka tarehe ya zamani. Kama boti ilikuwa ya tarehe 7, sasa ni ya tarehe 14. “Put off until further notice” ni mpaka mtakapotangaziwa, na hiyo ndiyo ya kuogopa kwa mtu mwenye dagaa, maana haina ufuko wa pili. Ukiipata hiyo, uza.

Sasa swali lako la kwa nini neno moja lina maana nyingi. Vitenzi vya namna hii, vya neno kuu na kijineno nyuma yake, Waingereza huviita “phrasal verbs”, na wanafunzi wengi huvichukia kwa sababu wanadhani ni wazimu usio na mpango. Mimi naona Mswahili ana sababu ya kuvielewa haraka kuliko watu wengi. Ziba na zibua, funga na fungua, kunja na kunjua: tofauti ni mkia mdogo tu, na mtoto wa Ujiji hajawahi kufunga mlango aliotumwa kuufungua. Mkia wetu tunaushona ndani ya kitenzi. Wao mkia wao wanauacha nje, umesimama peke yake, ndiyo maana jicho linadhani ni maneno mawili yenye maana mbili za kujumlisha. Ni neno moja lililoandikwa na nafasi katikati.

Na tena fikiria kitenzi chetu cha piga. Piga simu, piga pasi, piga kura, piga mswaki, piga picha. Hakuna anayesikia “piga pasi” akatafuta fimbo. Tunajua maana imekaa kwa mwenzake wa piga, si kwa piga. “Put” ya Waingereza ni ndugu wa piga yetu. Put on, put out, put up with, put off: ukiitafsiri “put” kila mara kuwa weka, utafika pabaya. Usijifunze “put” peke yake wala “off” peke yake, jifunze jozi ikiwa na kitu kinachotendwa. Kwa “put off” kitu kinachotendwa ndicho kinachoamua. Kikiwa safari, mkutano, mtihani, harusi, malipo, yaani jambo lenye tarehe, maana ni kuahirisha. Akiwa mtu, mambo yanageuka kabisa.

Hapo kwa mtu nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo panapoharibu heshima.

“He put me off” inaweza kuwa na maana kwamba alinizungusha, aliniambia njoo kesho, njoo kesho kutwa. Kiswahili chetu cha mjini kina neno linalolenga palepale: alinipiga kalenda. Kesi ikipigwa kalenda mahakamani ni kesi iliyosogezwa tarehe. Mtu akipigwa kalenda ni mtu aliyekwepwa. Mkopaji anayekuambia kila Ijumaa kwamba hela inaingia Jumatatu, “he keeps putting you off”. Unaona sura ya kuahirisha bado ipo, ila sasa kinachosukumwa mbali na ufuko ni wewe.

Maana ya pili kwa mtu ni kumkatisha hamu, kumtia kinyaa, kumfanya asitake tena. “The smell put me off” ni harufu ilinichefua. “The price put him off” ni bei ilimkimbiza. “Don't let the rain put you off” ni mvua isikukatishe tamaa. Anayekuja Kigoma mara ya kwanza akapita penye dagaa waliolowa mvua wakaanikwa tena, anaweza kusema “it put me off dagaa for a month”, alikaa mwezi mzima hana hamu ya dagaa. Tazama muundo huo: mtu kwanza, halafu “off”, halafu kitu alichopoteza hamu nacho. Na kitu chenyewe chenye kuchefua huitwa “off-putting”, maneno yamepinduliwa na kuungwa kwa kistari. Kwa kuwa wewe ni wa samaki, nikuongezee moja hata kama hukuuliza: “the fish is off”, bila “put”, ni samaki amevunda. Ukiandikiwa hivyo kuhusu mzigo wako usidhani umeahirishwa.

Hili la mtu lilinifika mimi. Nilikuwa kijana, nimeitwa kwenye usaili wa mafunzo katika ofisi moja, nikafika siku ile asubuhi nimevaa vizuri, karani akaniambia usaili wako umesogezwa, rudi wiki ijayo. Nikarudi. Mezani palikuwa na wazee watatu, mmoja mgeni kutoka Uingereza. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikuonekana wiki iliyopita. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyejiandaa: “I was put off by the secretary.” Nilitaka kusema karani aliniahirisha. Nilimwona akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akamtazama mwenzake, kisha akaniuliza taratibu karani alikuwa amenikosea nini. Kwa masikio yake nilikuwa nimesema karani alinichukiza kiasi cha kunifanya niondoke. Sikuelewa swali lake, nikasema hakuna, akaandika kitu. Yule karani alikuwa nje ya mlango, na hakuwa amefanya kosa lolote. Mpaka leo hilo ndilo linalonigusa: nilimshtaki mtu asiye na hatia bila kujua nimemshtaki. Nilipaswa kusema “my interview was put off”. Usaili ndio wenye tarehe, si mimi. Kwa hiyo, mwanangu, usiandike kamwe “I put you off” kwa mteja ukitaka kusema nimekuahirisha. Yeye atasoma kwamba umemkwepa au umemchefua, na vyote viwili ni vibaya.

Kuna maana ya tatu kwa mtu, ya kumvuruga mwenye kufanya jambo linalotaka utulivu. Anahesabu noti, unamsemesha, hesabu inapotea: “you're putting me off”. Maana nyingine nitazipita haraka. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina Musa akiambiwa “put off thy shoes”, vua viatu vyako. Leo atavua kwa “take off”. Na Waingereza wa zamani kidogo husema “put me off at the station”, nishushe stesheni. Ukizikuta utazitambua kwa picha ileile: kitu kinatolewa kilipokuwa. Kuzitumia huna haja.

Ukishaijua maana, kilichobaki ni mahali pa kuweka kitu kinachotendwa. Jina linaweza kukaa nyuma au katikati: “put off the trip”, “put the trip off”, zote ni sawa. Lakini kiwakilishi, yaani “it” au “them”, lazima kikae katikati: “put it off”. “Put off it” haisemwi. Wanafunzi wangu walikuwa wakilia hapa mpaka nilipowaonyesha kitenzi chetu wenyewe. Andika tumeiahirisha. Ile “-i-” ya safari imekaa wapi? Imekaa ndani, imebanwa. Hatusemi tumeahirishai. Kiingereza nacho kinambana “it” ndani ya jozi, kama sisi tunavyoibana “-i-” tumboni mwa kitenzi. Tumeiahirisha: we have put it off.

Baada ya “put off” ukitaka kuweka kitendo, kitendo hicho kinachukua “-ing”. “She put off going to the hospital”, aliahirisha kwenda hospitali. Sio “put off to go”. Sisi tunasema kwenda, na mkono unatuvuta kuandika “to go”, kwa hiyo hili litakuponyoka mara kadhaa kabla ya kuzoea. Lishike kwa methali yao, ambayo karibu ni ile yetu ya linalowezekana leo lisingoje kesho: “Never put off till tomorrow what you can do today.” Wakati uliopita wala haubadilishi kitu: leo “put”, jana “put”, imeshafanyika “put”. Ndiyo sababu ujumbe wa mteja wako haukuwa na alama ya wakati. Aliacha maneno “has been” ili kufupisha. Kwa ukamilifu ni “the trip has been put off till Thursday”.

Sasa fika hapa polepole, kwa maana pana mtego mkubwa kuliko ule uliokunasa, na bado hujaukanyaga. Kiswahili chetu, siku ikicheleweshwa tunasema imesogezwa mbele. Mkutano wa Jumatano ukisogezwa mbele siku mbili, ni Ijumaa. Ukirudishwa nyuma siku mbili, ni Jumatatu. Kiingereza kinakwenda kinyume. “Bring forward”, ambayo neno kwa neno ni leta mbele, maana yake ni kuiwahisha: kutoka Jumatano kuja Jumatatu. Na “put back”, weka nyuma, kwa Kiingereza cha Uingereza ni kuchelewesha: kutoka Jumatano kwenda Ijumaa. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akaandika “let us bring the trip forward to the 20th”, wakati safari ilikuwa ya tarehe 13, amemwandikia mwenzake kitu kisichowezekana, na mwenzake atakisia. Waingereza wenyewe hawaelewani wakisema “moved forward”. Watafiti wa lugha wamewahi kuwauliza watu swali hili hili la mkutano wa Jumatano uliosogezwa siku mbili “forward”, na wengine wakajibu Jumatatu, wengine Ijumaa, kila mmoja akiwa na uhakika wake. “Put off” haina ugonjwa huo. Daima ni kuchelewesha, kamwe si kuwahisha. Kwa sababu hiyo naipenda kwa biashara, ilimradi iwe na tarehe.

Kuna ndugu zake wawili uwajue kwa sura. “Call off” ni kufuta kabisa, kuvunja. Hii ndiyo maana uliyompa mteja wako bila yeye kuisema. “Postpone” ni kuahirisha kwa lugha ya barua, na ukiichimba utakuta Kilatini chenye maana ya kuweka baada, kwa hiyo hata huko kuna weka. Maana ni ileile, ila “put off” ni ya mazungumzo na ujumbe wa simu. Ukimwandikia ofisi ya forodha, tumia “postpone”. Ukimwandikia mteja uliyemzoea, “put off” haina ubaya.

Twende kwenye kuandika. Tuseme mbalamwezi imewaka, mitumbwi imelala mchangani, hakuna dagaa, na yeye anataka kuja Jumatano tarehe 13. Mwandikie:

“The moon is full and there are no dagaa this week. Please can we put the trip off until Wednesday the 20th?”

Soma ulivyoipanga. Sababu imetangulia, ili asidhani unampiga kalenda. Kinachosogezwa ni safari, si yeye. Siku imetajwa kwa jina na kwa tarehe, kwa sababu “Wednesday” peke yake inaweza kuwa ya kesho au ya wiki ijayo. Ukitaka kuweka na saa, kuwa makini mara mbili. Kwanza, saa nne asubuhi yetu ni “10 a.m.” yao. Pili, Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa nne yako ya asubuhi, kwake Mpulungu ni “9 a.m.” Andika “10 a.m. Kigoma time” na umemaliza ubishi. Wenzako wanaouza Kongo na Burundi wana shida hiyohiyo ya saa moja, na najua wapo waliokaa gatini wakimlaani mtu ambaye kwa saa yake hakuwa amechelewa.

Ukipokea ujumbe wa kuahirisha na una shaka hata kidogo, usiulize “what do you mean”, kwa kuwa itasikika kama ugomvi. Mrudishie ujumbe wake kwa maneno yako, na tarehe ndani: “So you are coming on Thursday the 14th, and I keep the eight bags for you?” Sentensi hiyo moja ingeokoa magunia yako. Angejibu “yes” kwa sekunde tano. Nimewafundisha hivyo watu wa nyumba za wageni na madereva wanaopokea wageni, na wote niliowasikia baadaye walisema kilichowasaidia si kujua maneno mengi, ni kurudisha ujumbe kabla ya kutenda.

Kuhusu mteja wako, nadhani bado anarudishika. Alipanda boti kwa kukuamini, kwa hiyo anastahili maelezo ya kweli, mafupi, yasiyomtupia lawama kwa kuandika kwa mkato. Ningekuwa wewe ningemwandikia hivi:

“I am very sorry about the eight bags. I read ‘put off’ as ‘called off’, so I sold them. It was my mistake. I will have new dagaa after the full moon. If you still want eight bags, I will keep them for you until the date you give me.”

Hapo “until” inafanya kazi ileile iliyofanya kwenye ujumbe wake, ila sasa iko upande wako: unamwachia yeye ataje ufuko. Akitaja siku, irudishe kwake ikiwa na tarehe kabla hujafunga gunia la kwanza. Na ukiwa na wasiwasi na neno lolote katika jibu lake, nitumie kabla hujamjibu. Jioni huwa nasoma ujumbe wote unaoingia, na wa kwako nitautafuta.